Neno "they" na jamaa zake: mwongozo kamili kwa anayetafsiri na anayejifunza Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuhariri karatasi ya maelezo ya dawa, ile inayokunjwa mara sita na kusukumizwa ndani ya boksi. Kiingereza chake kilikuwa chepesi: "Take the tablets with water. They should not be chewed." Aliyetafsiri kabla yangu alikuwa ameandika: "Meza vidonge kwa maji. Wao hawapaswi kutafunwa." Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha, maana nilikumbuka kurasa zangu mwenyewe za zamani. Akina nani hao wasiopaswa kutafunwa?

Kosa lile halikutokana na uvivu. Kamusi ndogo inasema they ni wao, mwalimu wa darasa la tatu alisema hivyohivyo, na wimbo wa I, you, he, she tuliuimba wote. Lakini ukihesabu "they" katika ukurasa wowote wa Kiingereza cha leo, zile zinazostahili "wao" ni chache mno. Nyingine zinataka vi-, zi- au ya-. Nyingine zinataka a- ya mtu mmoja. Nyingine hazimsemi mtu yeyote. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini inazunguka swali moja: "they" hii inamsema nani, au nini? Jibu likipatikana, Kiswahili kinajileta chenyewe.

Hatua ya kwanza: zijue sura zake tano

"They" ndiye mtenda: they came, walikuja. "Them" ndiye mtendwa, au anayefuata vihusishi kama with na for: I saw them, I went with them. "Their" haisimami bila jina nyuma yake: their house. "Theirs" husimama peke yake: that house is theirs, nyumba ile ni yao. "Themselves" ni ya kujitenda: they hurt themselves, walijiumiza.

Kiswahili hakina haja ya kubadili sura namna hiyo. Wa- ileile inafanya kazi ya they na ya them, kinachotofautisha ni mahali inapokaa. Katika "wanawapenda", wa- ya mwanzo inapenda na wa- ya katikati inapendwa. Ni rahisi kwetu, ila inatuwekea mtego tunapokwenda upande wa pili. "Nimewaona" ni I saw them, na pia ni I saw you, ninyi wengi. Mzungumzaji akisema "nawaambieni", lile -eni limemaliza utata, ni you. Asipolitia, tazama anazungumza na nani kabla hujaandika them.

Tahajia nayo. Their, there na they're hutamkwa karibu sawasawa, na hata Waingereza wenyewe huzichanganya kila siku. Njia yangu: kila nikiandika they're ninaisoma kwa kirefu, they are. Sentensi ikigoma, nimekosea. Na "theirs" haina alama ya mkato juu, hata kama mkono unawasha kuiweka.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo moja la historia linalonifurahisha. Neno hili si la Kiingereza asilia. They, them na their ziliingia kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na zikachukua karne nyingi kushuka hadi London. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, anaandika they kwa mtenda, lakini kwa mtendwa bado anatumia neno la kale, hem. Hem hiyo haikufa. Unaposikia mtu kwenye filamu akisema "get 'em", wengi watakuambia ni them iliyokatwa kichwa, kumbe ni lile neno la kale lililobaki mdomoni. Lugha kuazima viwakilishi ni jambo la nadra. Sisi tumechukua kwa Waarabu sita, saba na tisa, tukachukua kitabu na saa, lakini mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao ni za Kibantu zote, hakuna hata moja ya kuazima.

Hatua ya pili: uliza kama ni viumbe au vitu

Kiingereza hakijali. Watu, mbuzi, viti, mawingu na mawazo, vyote ni they. Kiswahili kinajali sana, na ngeli ndiyo inayoamua:

"The books are old, they need new covers": Vitabu vimechakaa, vinahitaji majalada mapya.

"The trees fell and they blocked the road": Miti ilianguka ikaziba barabara.

"The eggs are bad, throw them away": Mayai yameoza, yatupe.

"Where are the keys? Where are they?": Funguo ziko wapi? Ziko wapi?

"The goats are in the maize, chase them out": Mbuzi wameingia kwenye mahindi, wafukuze.

Vile vidonge vyetu, basi, "visitafunwe". Neno moja.

Jambo linaloponyoka hata watafsiri wazoefu ni "their" ya vitu. Tumezoea kwamba their ni -ao: nyumba yao, vitabu vyao, magari yao. Lakini -ao inapendeza kwa wenye uhai. "The trees and their leaves" kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia ndani ya lugha ni "miti na majani yake", ingawa miti ni mingi. "The houses and their doors" ni "nyumba na milango yake". Ukiandika "milango yao" msomaji ataelewa, ila sikio lake litashtuka kidogo, kana kwamba nyumba zimepata wenyewe wa kudai milango.

Viungo vya mwili vina utaratibu wao pia. "They washed their hands" ni "walinawa mikono". Ni mikono ya nani mingine wangenawa? "Walinyoosha mikono", "walifumba macho", "walivua viatu". Ukiiona their mbele ya kiungo cha mwili au vazi, jaribu kuiacha kwanza, uone kama kuna kilichopotea.

Sasa geuka, tokea Kiswahili kwenda Kiingereza. Hapa ndipo hata wenye shahada wanapoanguka. Wingi wa ngeli zetu si wingi wa Kiingereza. Maji ni ya ngeli ya ya-, na mtu anaandika: "The water is dirty, throw them away." Hapana. Water kwao ni kitu kisichohesabika, ni it: throw it away. Hivyohivyo maziwa, mafuta, mate na machozi... la, machozi si hivyo, machozi ni tears, na tears ni they. Inabidi kuyajua moja moja, hakuna kanuni itakayokuokoa.

Haya ndiyo niliyoyasahihisha mara nyingi zaidi. Hela zimekwisha: money ni it. Nywele zake ni ndefu: hair ni it, hata akiwa nazo elfu mia. Mizigo yangu iko wapi: luggage, it. Habari zimenifikia: news ina s mwishoni lakini ni it, "the news is good". Taarifa, information, it. Fanicha na vifaa, furniture na equipment, vyote it, na wala usithubutu kuviongezea s. Kisha yapo yanayokwenda kinyume. Suruali ni moja, imechanika, lakini trousers ni they: "my trousers are torn, they need stitching." Mkasi umepotea: "the scissors are lost, have you seen them?" Miwani yangu iko wapi: "where are my glasses?" Na "police" kwao ni wingi siku zote, the police are here, they have come, ilhali sisi tunaweza kusema polisi amekuja au polisi wamekuja kwa kadiri tulivyomwona mmoja au wengi.

Jikoni yanakutana yote kwa pamoja: wali umeiva, maharage yameungua. Wali ni rice, it is ready. Maharage ni beans, they are burnt.

Mtego mwingine mdogo unakaa kwenye herufi tatu, nao. "Nilikwenda nao" ni I went with them. Lakini mwenzio akiuliza kama umeuchukua mzigo, ukajibu "ninao", hapo hakuna them yoyote, ni I have it. Nao ni ya watu, na pia ni ya mzigo, mkate, mwavuli na ufunguo.

Hatua ya tatu: "wao" iache mpaka ihitajike

Ukikuta tafsiri inasomeka "Wao walifika, wao walikula na wao waliondoka", unajua mara moja aliyeifanya alikuwa na "they arrived, they ate and they left" mbele ya macho yake. Kiswahili kinasema: "Walifika, wakala, wakaondoka." Wa- imeshabeba mzigo, na -ka- imeunganisha safari.

Wao inatumika pale inapofanya kazi ambayo wa- peke yake haiwezi. Kwanza ni kulinganisha: "Sisi tulilala njaa, wao walikula wakasaza." Pili ni kusisitiza kwamba ni hao na si wengine: "Wao ndio waliovunja mlango", they are the ones who broke the door. Tatu ni baada ya maneno kama kati ya na zaidi ya, na ndani ya maneno kama nao na kwao: "Mmoja kati yao", "kwao hakuna barabara". Mbali na hapo, futa neno wao uone. Mara tisa katika kumi sentensi itapumua.

Tazama pia kwamba mahali Mwingereza anaporidhika na they, sisi mara nyingi tunanyoosha kidole. Watoto wako dirishani wakingoja wageni, gari linaingia uani. Mtoto wa Kiingereza anapiga kelele, "They're here!" Wa kwetu anapiga kelele, "Haooo!" Hao na wale ni ndugu wa karibu wa they, na mtafsiri asiyewakumbuka anajinyima nusu ya uhai wa lugha. "They don't pay" ikisemwa kwa dharau ni "Hao hawalipi."

Idadi nayo ina ujanja wake. "The two of them" ni wote wawili, hakuna wengine. "Two of them" ni wawili kati yao, wengine wapo. Herufi tatu za the zimebeba tofauti yote, na kwenye mkataba au kesi ya mirathi tofauti hiyo ni pesa.

Hatua ya nne: "they" isiyo na mwenyewe

Umeme umekatika. Jirani anasema: "They've cut the power again." Akina nani? Hajui, hajali. Kiingereza kinatumia they kwa watu wasiotajwa, wakubwa fulani, mafundi fulani, ulimwengu kwa ujumla. Kwa bahati nzuri Kiswahili kinafanya hivyohivyo kwa wa- tupu: "Wamekata umeme tena." "Wamepandisha nauli." "Wanachimba barabara."

Lakini ijaribu sentensi ileile kwa kutanguliza wao: "Wao wamekata umeme." Mtu atakutazama akuulize, "Akina nani?" Ukiiweka wao, umetangaza kwamba kuna watu maalumu unaowafahamu. Kwa "they" ya namna hii, wao haifai kabisa.

Una njia tatu, na kuchagua kunategemea unaandika wapi. Wa- tupu ni ya mazungumzo. Kauli ya kutendwa inafaa gazeti na barua: "Barabara inachimbwa", "Nimeibiwa simu." Njia ya tatu ni kuliacha jambo lijitendee: "Nauli imepanda", "Umeme umekatika." Hii ya tatu ndiyo niipendayo, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu Kiingereza hakituongozi kwenda huko.

"They say" inastahili mstari wake. Kwa maneno ya watu wote: wanasema, watu husema. Kwa gazeti: inasemekana, na ikiwa ni tuhuma, inadaiwa. Kwa methali: wahenga walisema. Na kwa umbea, au kwa neno ambalo msemaji mwenyewe haliamini sana, tuna kijineno ambacho Kiingereza kingekitamani: eti. "They say he's rich now", ikisemwa kwa midomo iliyobetuliwa, ni "Eti siku hizi tajiri." They haipo, wanasema haipo, na kila kitu kimesemwa.

Ukielekea upande wa pili, kumbuka kwamba "nimeambiwa nirudi kesho" kwa Kiingereza cha kuzungumza ni "they told me to come back tomorrow." "I was told" ni sahihi, ila ina tai shingoni.

Na jihadhari na jambo moja. They hii humtoa msemaji nje. Mtu wa Lamu akimweleza mgeni, "In Lamu they use donkeys to carry loads," mgeni ataelewa kwamba msemaji si wa Lamu. Mwenyeji husema we use donkeys. Kiswahili cha "Lamu watu hutumia punda" hakitoi wala hakiingizi mtu, kwa hiyo anayetafsiri lazima ajue aliyesema ni wa wapi.

Hatua ya tano: "they" ya mtu mmoja

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, nami nitakaa hapa kidogo.

"Someone left their umbrella." Ni mtu mmoja, mwavuli mmoja. Mbona their? Kwa sababu Kiingereza kina he na she, hakina yeye. Aliyesahau mwavuli hajulikani kama ni mwanamume au mwanamke, basi lugha inaazima they. Kwa Kiswahili: "Kuna mtu amesahau mwavuli wake." Ukiandika "mwavuli wao" umemzulia mwenzi.

Si mtindo wa jana. Mfano wa zamani zaidi ambao kamusi kubwa ya Oxford inautaja ni wa mwaka 1375 hivi, na waandishi mashuhuri wa Kiingereza kama Shakespeare na Jane Austen waliitumia bila aibu. Katika karne ya 18 waandishi wa vitabu vya sarufi wakaanza kuipinga, wakataka he isimame kwa wote. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba maneno ya kiume ndani ya sheria zake yahesabiwe kuwa yanajumuisha wanawake. Ndiyo maana walimu wetu, waliosoma sarufi za aina hiyo, walituchapa tulipoandika "everyone took their bag". Watu mitaani hawakuacha kusema hivyo. Sasa vitabu vimerudi kulikokuwa na watu: toleo la saba la mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, la mwaka 2019, linaikubali waziwazi, na mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster ilitangaza they kuwa neno lake la mwaka.

Namna ya kuitambua: weka "he or she" mahali pake. Maana ikikaa, ni ya mtu mmoja, na Kiswahili chake ni a-, m- au -ake.

"If a customer complains, tell them to wait." Jaribu: tell him or her to wait. Imekaa. "Mteja akilalamika, mwambie asubiri." Nimeona "waambie wasubiri" kwenye mafunzo ya wafanyakazi wa kaunta, na mfanyakazi anabaki akiangaza ni wateja gani wengine aliowakosa.

"Everyone brought their own food." Kila mtu alikuja na chakula chake.

"Your doctor will tell you what they need." Daktari wako atakuambia anachohitaji.

Wakati mwingine they mbili za aina tofauti hukaa katika sentensi moja. "Each child should bring their parents, and they must sign the form." Their ni ya mtoto mmoja, they ni ya wazazi. Kiingereza kinamwachia msomaji akisie. Kiswahili kinazitenga bila jasho: "Kila mtoto aje na wazazi wake, nao watie saini fomu."

Yapo yasiyotengeka. Niliwahi kutafsiri "The doctor said they would call" nikaandika "Daktari alisema watapiga simu", nikiwaza wafanyakazi wa kliniki. Mwenye andiko alikuwa amemaanisha daktari mwenyewe: atapiga simu. Mgonjwa yule angengoja simu ya mapokezi. Sentensi peke yake haikuwa na jibu, na nilichopaswa kufanya ni kumwandikia mwenye kazi mstari mmoja wa kuuliza. Siku hizi nauliza.

Kuna matumizi mapya zaidi: mtu anayejulikana, mwenye jina, anayesema asiitwe he wala she, aitwe they. Mwimbaji Sam Smith wa Uingereza alitangaza hivyo mwaka 2019. Msomaji wetu awe na maoni yake kuhusu jambo hilo, mtafsiri ana kazi ya kufanya. Ukikuta "Sam Smith sang their best-known song" ukaandika "Sam Smith waliimba wimbo wao", msomaji atadhani ni bendi. Andika "Sam Smith aliimba wimbo wake unaojulikana zaidi." Kiswahili hakikuwahi kugawa yeye kwa jinsia, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Shida huanza pale makala yenyewe inapozungumzia mjadala wa neno hilo. Hapo acha they kama ilivyo ndani ya alama za kunukuu, ueleze kwa sentensi moja kwamba Kiingereza kina viwakilishi vya kike na vya kiume.

Kitenzi hakibadiliki: ni they are hata kwa mtu mmoja, kamwe si they is. Anayeona ajabu akumbuke you. Hapo zamani you ilikuwa ya wengi, na mmoja aliitwa thou. Leo tunasema you are kwa mtu mmoja wala hatushtuki.

Sasa kwa anayeandika Kiingereza akitokea Kiswahili. A- yetu inaficha jinsia, na ndiyo maana tunateleza kusema "my mother, he is sick". They ya mtu mmoja isikufanye uone umepata pa kujificha. Ukimjua mama ni mama, andika she. They iweke kwa usiyemjua: "Mwalimu mpya akifika, mpe ufunguo" ni "when the new teacher arrives, give them the key", kama hujui atakuja bwana au bibi.

Hatua ya sita: timu, kampuni na serikali

Hapa ni pepesi. Kwenye mpira, gazeti la Uingereza litaandika Arsenal are, they have won. Mmarekani huipa timu it mara nyingi zaidi. Sisi tuna vyote: Yanga imeshinda, Yanga wameshinda, na hakuna mtangazaji aliyewahi kupigiwa simu kwa kuchagua moja. Ila jina likiwa timu, kampuni, benki au serikali, fuata ngeli. "The company said they would refund us" ni "Kampuni imesema itaturudishia fedha." Ukitaka watu waonekane, wataje: wakubwa wa kampuni wamesema.

Zoezi: kisa kimoja, they sita

Chukua aya hii, ya kujitungia tu:

"They were digging up our street again. My neighbour had left their bicycle by the gate, and somebody took it. The keys? They were in the lock. The police came, they wrote everything down and they said they would call. They haven't."

They ya kwanza haina mwenyewe. Ningeweza kuandika "walikuwa wanachimba", lakini kwa kuwa anayesimulia amekereka, naichukua hii: "Mtaa wetu ulikuwa unachimbwa tena."

Their ya jirani: he or she inakaa, ni mmoja. "Jirani yangu alikuwa ameacha baiskeli yake getini, mtu akaichukua."

They ya funguo ni ya vitu, zi-. Kiingereza kinauliza kisha kinajibu kwa sentensi kamili. Kwetu inatosha: "Funguo je? Zilikuwa palepale kwenye kufuli."

Zinazofuata ni tatu, zote za polisi, watu wengi na halisi. Ndizo pekee hapa zinazokaribia kuwa "wao", na hata hizo haziihitaji: "Polisi walikuja, wakaandika kila kitu, wakasema watapiga simu."

Imebaki ya mwisho, "They haven't." Kiingereza kimekikatia kitenzi njiani. Kiswahili hakiwezi kuachia "hawaja-" ikining'inia, kwa hiyo wa kwanza atakayetafsiri ataandika "Hawajapiga", na hatakuwa amekosea. Mimi ningeifuta nzima, they na vyote, nikaandika neno ambalo jirani angekujibu akiwa amesimama pale getini mikono kiunoni:

"Bado."